Kivuko kilikuwa upande wa pili

Sehemu ya 22 ndiyo iliyonigombanisha na mume wangu, na hadi leo mtu akiniuliza nilijifunzia wapi kuandika, naanzia hapo.

Nilikuwa nimeiandika usiku, nikaituma kwenye kundi la wasomaji saa kumi na moja alfajiri, halafu tukapanda daladala kwenda hospitali. Tulipofika kwa zamu ya kwanza ya kusafisha damu, simu ilikuwa inatetemeka kwenye pochi kama kuku aliyefungwa miguu. "Mwandishi umetuua!" "Mungu wa Tabitha ni mkuu!" "Usituache na arosto hivi, tuma ya 23 hata usiku wa manane." Arosto, kwa msiomo kwenye makundi haya, ni ile hali ya mla unga aliyekosa dozi. Wasomaji wa hadithi za simu wameichukua na kuipa kazi nyingine. Msomaji akilalamika kwamba umemwacha na arosto, ujue amekusifu.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Tabitha ni mhasibu wa chama cha ushirika cha pamba, anagundua kwamba vitabu vya chama vinatumika kusafishia fedha za dhahabu ya magendo inayotoka Geita. Mwenye mpango ni mzee wa kanisa lake, mtu anayepitisha kapu la sadaka kila Jumapili. Anayempenda Tabitha ni Elia, fundi wa injini kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi. Mwanamke ana daftari la ushahidi, anatakiwa avuke Ghuba ya Mwanza usiku huohuo, na wanaomtafuta wako nyuma yake kwa mwendo wa nusu saa. Nilimvusha ndani ya lori la nanasi, chini ya turubai. Alipofika Kigongo akapiga magoti nyuma ya kibanda cha samaki wa kukaanga, akaomba. Ng'ambo, Busisi, gari la mzee wa kanisa likawa limefika, linasubiri kivuko kirudi kulichukua. Na kivuko kikiwa katikati ya maji, injini ikazimika. (Kivuko cha pili nilikuwa nimekilaza matengenezoni tangu sehemu ya 20. Mwandishi ana madaraka hayo.)

Baba Neema alikuwa amelazwa kwenye kiti, mkono wa kushoto umenyooshwa, sindano mbili zimeshaingia. Mashine inachukua kama saa nne. Ndugu hatukuruhusiwa kukaa ndani muda wote, lakini sista wa zamu ile alikuwa msomaji wangu, akaniachia dakika kumi. Baba Neema akaniambia, "Nisomee." Nikamsomea kwa sauti ya chini, nikijua nitasifiwa.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Pale Busisi kulikuwa na magari mangapi?"

"Sijahesabu."

"Na gari la wagonjwa?"

"Sikuliandika."

"Hukuliandika lakini lipo, Mama Neema. Mimi nimevuka pale na lori miaka kumi na moja. Kuna mama ametoka Sengerema, mtoto amekaa vibaya, anakimbizwa Mwanza. Gari lake halipangi foleni, liko mbele kabisa, mbele ya huyo mwizi wako. Sasa wewe umezima injini ili mtu wako apone. Yule mama umemwambia nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia hiyo ni hadithi tu, na kwamba watu mia mbili na kitu wamefurahi asubuhi hii na yeye peke yake ndiye aliyenuna. Akajibu kwamba hajanuna, anauliza. Sista akaja kunitoa. Nilikaa kwenye benchi la nje saa tatu nzima bila kuandika neno, nikitazama mlango.

Sikuanza kuandika ili niwe mwandishi. Baba yangu alikuwa na sanduku la mbao lenye riwaya za kijasusi za miaka ya 1970 na 1980, majalada yamechanika, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Tulikatazwa kuzigusa, kwa hiyo tulizisoma zote. Ndani yake wapelelezi walikunywa pombe, walipiga ngumi, na kila mwanamke mzuri alikuwa ama chambo ama msaliti. Nilizipenda mno. Nikiwa binti wa kwaya nilikuwa najiuliza kwa nini msichana anayeomba kabla ya kulala hawezi na yeye kufukuzwa na majambazi. Baadaye vitabu vya Kikristo nilivyokutana navyo vilikuwa vya mafundisho: jinsi ya kumpata mume, jinsi ya kumtunza, jinsi ya kumrudisha. Hapakuwa na maiti hata moja.

Mama mmoja kanisani, mwenye cheo, aliwahi kuniita pembeni akaniambia riwaya ya mtu aliyeokoka haiwezi kuwa na mauaji wala mwanaume kushika kiuno cha mwanamke. Nilimsikiliza kwa adabu, maana ni mkubwa wangu. Moyoni nilikuwa namfikiria Uria, aliyebeba kwa mkono wake mwenyewe barua iliyoagiza auawe, akatembea nayo hadi vitani bila kuifungua. Ni nani kati yetu sisi waandishi wa taharuki aliyewahi kubuni kitu cha kutisha kama hicho? Naboti aliuawa kwa ajili ya shamba la mizabibu, kwa mashahidi wa uongo na barua zenye muhuri wa mfalme. Ukiwa na 2 Samweli na 1 Wafalme huhitaji kuomba ruhusa kwa mtu ya kuandika maiti. Kuhusu kiuno, nilimpa haki yake nusu: niliuondoa mkono wa Elia kiunoni nikauweka kwenye kiwiko. Ajabu ni kwamba sehemu ile ikawa moto zaidi.

Figo za Baba Neema zilikoma kufanya kazi mwaka 2018. Ilikuwa presha ya miaka mingi ambayo yeye aliita uchovu wa usukani. Watu wetu husema "anasafishwa figo", lakini figo hazisafishwi, inayosafishwa ni damu. Inatolewa kwa sindano moja, inapita kwenye mashine, inarudi kwa sindano nyingine. Mara tatu kwa wiki. Huko Muhimbili upandikizaji wa figo ulikuwa umeanza mwishoni mwa 2017, kwa hiyo tumaini lilikuwepo, la kwenye karatasi. Mdogo wake alijitolea, akapimwa, naye akakutwa na presha ileile ya ukoo. Hapo ukurasa huo ukafungwa.

Ili mashine ipate damu ya kutosha, daktari huunganisha mshipa wa ateri na wa vena mkononi. Kiungio hicho kikishapona kinakuwa kama kamba nene chini ya ngozi, na ukiweka kiganja unasikia mvumo, kama nyuki walio mbali. Mgonjwa anafundishwa kuugusa kila siku, kwani ukinyamaza ni hatari. Kwetu kazi hiyo ikawa yangu. Usiku nikigeuka, kabla sijajua kama ni saa ngapi, kiganja changu kilikuwa kimeshafika kwenye mkono wake wa kushoto. Nimeandika mahaba kwa miaka mingi sasa. Sijawahi kuandika kitu kinachokaribia ile hali ya kuamka saa tisa usiku, kuukuta mvumo, na kulala tena.

Na maji. Mtu ambaye figo zake hazitoi mkojo hawezi kunywa apendavyo, yote yanabaki mwilini. Baba Neema alikuwa na chupa ya nusu lita na kikombe kimoja cha chai, hiyo ndiyo siku nzima, kwenye joto la Mwanza, na ziwa lote lile linamtazama. Alikuwa anamumunya kipande cha barafu kama mtoto anavyomumunya pipi, akikizungusha ili kisiishe. Mimi nikawa nakunywa maji yangu jikoni, nimempa mgongo mlango, kimyakimya ili glasi isigonge. Baada ya miezi alinikamata. Akacheka hadi akakohoa. Akasema, "Kunywa hapa mbele yangu, nione yanavyoshuka." Nikanywa, namtazama, machozi yananitoka, na yeye anatabasamu kana kwamba ndiye aliyekata kiu.

Kwa hiyo nilikuwa naandika kwenye benchi. Saa nne mara tatu ni saa kumi na mbili kwa wiki, na hizo hakuna mtu angeweza kuniomba nipike. Niliandika kwa kidole gumba kwenye simu iliyopasuka kioo. Sehemu moja maneno kama elfu moja na mia mbili, si zaidi, maana anayesoma yuko kwenye daladala au anaota jua nje ya duka lake. Sehemu kumi za kwanza bure, zinazobaki unalipia kwa M-Pesa, elfu tatu hadithi nzima. Wapo waliokuwa wananakili na kuzibandika kwingine wakiwa wamefuta jina langu. Wengine walibadilisha hata jina la Tabitha wakamwita Jacqueline. Nilishaacha kuhangaika nao.

Kuna wakati zile elfu tatu ndizo zilizomuweka hai, na hapo sisemi kwa mfano. Kampuni aliyokuwa akiiendeshea lori ilikuwa inakata fedha za bima kwenye mshahara wake lakini haikuzifikisha kunakohusika. Siku moja tulifika dirishani, kadi ikakataa. Ilikataa kwa wiki tano. Kila kikao kilikuwa zaidi ya laki mbili. Tulipunguza kutoka mara tatu kwa wiki hadi mara mbili, tukauza kabati na jokofu, na mimi nikaongeza kasi ya kuandika hadi nikawa natuma sehemu mbili kwa siku. Nazisoma leo sehemu zile naona aibu: kila mtu anapiga kelele, kila mlango unabamizwa. Taharuki ya mwandishi mwenye deni ina haraka isiyo na sababu.

Katika wiki hizo ndipo alipokuja mtumishi wa Mungu. Simtaji, na hakuwa wa kanisa letu. Aliletwa na jirani aliyetupenda kwa dhati. Aliomba, akamwekea Baba Neema mikono, akatangaza kwamba figo mpya zimeshuka usiku huo, ila kuna sadaka ya kuzifunga zisiondoke. Tulitoa laki tatu. Kisha akasema neno ambalo nimelisamehe lakini sijalisahau, kwamba kurudi kwenye mashine ni kumwambia Mungu hukumwamini. Baba Neema alinitazama. Nami nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitaka iwe kweli. Mimi ndiye niliyesema, "Tungoje tuone."

Tulikosa vikao viwili. Usiku wa tano alishindwa kulala chali, akakaa, akashindwa kukaa, akasimama ameshika dirisha anavuta hewa kwa mdomo, na kifua kinatoa sauti ya maji yanayochemka. Yalikuwa maji kweli, yamejaa kwenye mapafu. Bodaboda wawili walitubeba, yeye katikati. Pale mapokezi daktari kijana aliuliza mara ya mwisho alisafishwa lini, nikamwambia, akafumba macho kidogo kabla ya kuanza kukimbia.

Nilipoanza kuandika tena, nilifungua sehemu ya 22 nikaisoma kama msomaji. Injini inazimika kwa sababu mwanamke ameomba vizuri. Nikaona sura ya yule mtumishi pale. Mimi na yeye tulikuwa tunafanya biashara moja: tunauza maombi yenye swichi. Tofauti ni kwamba mimi nilitoza elfu tatu.

Nikaiandika upya. Kivuko kinarudi Busisi salama. Gari la wagonjwa linapanda la kwanza, na la mzee wa kanisa linapanda la pili. Tabitha yuko ng'ambo, ameshaomba, anaona taa zinakuja, na ndani ya taa hizo yumo mama wa watu anayehitaji kufika na yumo anayetaka kumuua, kwenye chombo kimoja. Elia yuko kwenye injini. Anajua nani yuko juu. Anaweza kuizima, na haizimi. Sehemu hiyo ilinichukua wiki mbili kwa sababu ilibidi Tabitha atafute njia nyingine kwa akili zake, na nilikuwa sijamzoesha kutumia akili. Sala yake ikabaki, ila sikuipa kazi ya kubadilisha kitu chochote nje yake. Ilimfanya asikimbie kabla ya kulikabidhi daftari, basi.

Baba Neema aliposomewa alisema, "Ee. Sasa huo ni usiku wa Kigongo."

Wasomaji hawakupenda wote. Admini alihesabu waliojitoa, walikuwa thelathini na saba. Mmoja aliandika kwamba mwandishi amepungukiwa imani, nadhani kwa sababu ya matatizo ya nyumbani. Lakini mwanamke mwingine alinifuata pembeni, tukazungumza kwa sauti za kurekodi hadi bando langu likaisha. Alikuwa amefiwa na mtoto. Akasema alikuwa ameacha kusoma hadithi za Kikristo kwa sababu ndani yake wote wanaoombewa wanapona, na wa kwake hakupona, kwa hiyo kila mwisho mzuri alikuwa anausoma kama lawama. "Leo nimesoma mtu ameomba na gari bado linakuja," akasema. "Nimelala vizuri."

Nisijifanye kwamba mimi nililala vizuri. Kwa miezi kadhaa baada ya usiku wa mapafu sikuweza kuomba. Nilikuwa nafumba macho, maneno hayaji, nafumbua. Nilichoweza ni kusoma Zaburi, na si zile za kwenye kadi. Ya 13 inaanza kwa kuuliza hata lini, lakini mwishoni inaimba. Ya 88 haiimbi. Inalalamika mwanzo mpaka mwisho na neno la mwisho linakuacha gizani. Kama mwanafunzi angeniletea hadithi imeishia hivyo ningemrudishia akamalizie. Aliyeipanga Biblia hakuirudisha. Niliikalia Zaburi hiyo kama mtu anavyokaa kwenye kigoda cha nyumbani kwao.

Na Ruthu. Wahubiri wanapenda kuisoma kama kitabu cha harusi, lakini soma sura ya tatu peke yake, usiku, kana kwamba hujui mbele. Mjane mgeni anaambiwa na mama mkwe wake aoge, ajipake mafuta, aende gizani kwenye kiwanja cha kupuria akalale miguuni pa mwanaume aliyeshiba na kunywa. Mwanaume anashtuka usiku wa manane. Anauliza, u nani wewe? Na alipokubali, anatokea mtu mwingine ambaye hatukuwa tumemsikia, jamaa wa karibu kuliko yeye, mwenye haki ya kwanza. Sura inakatikia hapo. Msimulizi ametuacha na arosto. Anachopewa Ruthu kushikilia usiku ule ni vipimo sita vya shayiri na neno moja la mkwewe: "Kaa tu, mwanangu."

Nilimfundisha hilo binti mmoja anayeandika na ambaye hutuma kazi zake kwangu. Alikuwa na tabia ya kumwingiza malaika kila mhusika anapobanwa. Nilimwambia atazame kitabu chote cha Ruthu: hakuna malaika, hakuna sauti kutoka mbinguni, hakuna ndoto. Kuna mwanamke anayeokota masuke nyuma ya wavunaji. Esta vilevile. Mambo yanageuka kwa sababu mfalme alikosa usingizi usiku mmoja, akaomba asomewe kumbukumbu za utawala wake. Usingizi tu! Yule binti akaniuliza kama ni sawa Mungu asionekane kabisa kwenye ukurasa. Nikamwambia afiche, asifute. Sijui kama alinielewa, maana sehemu iliyofuata ilikuwa na malaika wawili.

Baba Neema alifariki Machi 2022. Ilikuwa Jumatano, siku isiyo ya mashine. Niligeuka usiku kama kawaida, kiganja kikafika mahali pake.

Sina zaidi ya kuandika hapo. Nimejaribu kumpa mhusika usiku ule mara mbili, nikaufuta.

Kwao ni Sengerema. Tulitoka Mwanza na jeneza saa sita mchana, tukapita Usagara, tukashuka hadi Kigongo. Kivuko kilikuwa upande wa pili. Kando ya maji walikuwa wanajenga daraja tangu mwaka 2020, nguzo zimesimama ziwani kwa mstari, nyingine zimeshafungwa vyuma vya juu, nyingine ni vichwa tu. Abiria wa mabasi wameshuka, wauza mayai na karanga wanapita. Nyuma ya gari letu kulikuwa na lori la nanasi. Harufu ilinipiga, nikacheka. Ndugu wakaniangalia, wakadhani akili imeanza kuniruka. Nilikuwa nimeiandika foleni hii kwa kidole gumba mwaka mzima, na mtu aliyenisahihisha kila gurudumu lake alikuwa ndani ya sanduku hatua nne kutoka kwangu. Nilijikuta naangalia nyuma ya foleni kama kuna gari la wagonjwa. Lilikuwepo, kweli, na walitupisha sisi tukalipisha lenyewe.

Nilikuwa nimesimama muda wote. Jua kali. Mama mkwe wangu, ambaye mimi humwita Mayu kama wanavyomwita wanawe, alikuwa amekaa kwenye jiwe chini ya kivuli cha lori, khanga imefunika kichwa. Alikuwa hajasema neno tangu tutoke Mwanza. Alinivuta upindo wa gauni.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Kitakuja."

Alikuwa anasema habari za kivuko. Mayu hasomi na sijawahi kumwambia habari za kiwanja cha kupuria. Nilikaa.

Tabitha nilimwacha kwenye sehemu ya 31 kwa miezi minane. Kundi lilikaa kimya kwa heshima, kisha likaanza kukohoa kidogo: "Dada mwandishi, hatukulazimishi, tunakukumbuka tu." Wengine walikuwa wamelipia kabla, hawakudai hata shilingi. Nilipoanza tena swali lilikuwa moja. Je, waoane? Rafiki yangu, mwandishi pia, alinishauri nimwue Elia, kwamba sasa nina haki ya kuandika mwisho wa kweli. Nililifikiria usiku kadhaa. Nikaamua hapana. Riwaya ya mahaba imemwahidi msomaji ndoa tangu sehemu ya kwanza, kama fundi aliyepokea kitambaa cha gauni. Huwezi kumrudishia suruali kwa sababu umefiwa. Nikawaozesha, kanisani, matarumbeta yote. Ila kwenye sehemu ya mwisho Elia, ambaye bega lake lilikuwa limepigwa risasi, analala, na Tabitha anaamka usiku kumwekea kiganja mkononi. Sikueleza sababu. Yule sista wa zamu ya kwanza alinitumia ujumbe saa saba usiku, hauna neno, una picha ya mkono tu.

Daraja lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji. Ndani ya wiki moja vijana wapya waliojiunga na kundi walianza kunisahihisha: "Dada, huyo mzee wa kanisa kwa nini anasubiri kivuko? Si apite juu, dakika chache tu yuko Kigongo." Mmoja alinishauri niirekebishe riwaya iendane na wakati. Nikamjibu kwamba hadithi ni ya miaka ile, na nikaongeza mwaka mwanzoni mwa sehemu ya kwanza ili wasinisumbue.

Agosti nilikwenda Sengerema kumwona Mayu, safari yangu ya kwanza baada ya daraja kufunguliwa. Neema alikaa dirishani. Tulipoacha Usagara nilitoa simu nikaanza sehemu ya kwanza ya hadithi mpya, nikijipa muda kama zamani: foleni, kushuka, kupanda, kuvuka, angalau saa moja na nusu ya kuandika. Nilimweka mwanamke kituo cha basi cha Nyegezi na begi lisilo lake. Nilikuwa natafuta neno la jinsi alivyolishika, nikaona Neema ananigusa bega.

"Mama, tazama maji."

Nilipoinua macho yalikuwa yameshapita. Tulikuwa Busisi.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona kidogo," nikamwambia, na sentensi ilikuwa bado haijafika nukta.